Mjerumani wa Mzee Alois

Mzee Alois wa Uwemba alikuwa na pua, na pua hiyo ilikuwa na historia. Kila mgeni aliyeketi sebuleni kwake alisimuliwa kwamba babu yake, Yohanes, alizaliwa na mpima ardhi wa Kijerumani, ndiyo maana ukoo mzima una pua ndefu na ngozi ya maji ya kunde. Chai ilipoa mikononi mwa watu kabla Mjerumani hajamaliza kupima.

Binti yake Vestina, mwalimu wa baiolojia Makambako, aliisikia hadithi hiyo tangu ananyonya. Ingemchekesha tu, kama isingesimama kati yake na mchumba wake. Joackim alikuwa muuguzi, Mkatoliki safi, hagusi hata ulanzi, pombe ya mianzi. Lakini kwao ni Manda, kando ya Ziwa Nyasa, na alikuwa mweusi tititi.

"Niwape wavuvi damu ya Mzungu waiharibu?" Mzee aliuliza.

"Baba, rangi ya ngozi ni jua la walikoishi mababu. Haisemi lolote juu ya akili wala heshima ya mtu. Na pua kama yako zimejaa hata huko milimani Ipelele. Huyo Mjerumani alipita kila nyumba?"

"Hayo kawafundishe wanafunzi wako."

Posa ikakaribia. Vestina alikwenda parokiani kuchukua cheti chake cha ubatizo, maana bila hicho hakuna ndoa ya kanisani. Mzee akamwagiza aombe na nakala ya ubatizo wa Yohanes, iliyoandikwa na Wajerumani wenyewe. Alitaka isomwe mbele ya wageni, waone aibu, warudi kwao. Katibu wa parokia alimwonyesha Vestina karatasi kabla ya kuitia kwenye bahasha na kuigonga muhuri. Vestina alirudi nyumbani mbio.

"Baba, isome kwanza."

"Bahasha yenye muhuri haifunguliwi jikoni! Mjerumani hakosei."

Basi Vestina akamwachia bahasha yake, na wala hakujuta.

Jumamosi wageni walipofika, Mzee aliwasalimia kwa ncha za vidole, akaisimulia pua yake yote, kisha akamkabidhi bahasha shangazi wa Joackim, Mama Esteria, mwalimu mstaafu. Mama akavaa miwani, akasoma kwa sauti ya masomo ya misa:

"Yohanes. Baba: mvuvi wa Manda. Mama: mkulima wa Manda."

Mtu mmoja akakohoa.

"Karani alikosea," Mzee akasema. Halafu ghafla uso ukamng'aa. "Lakini kama ni hivyo, sisi ni ndugu! Ndugu hawaoani. Posa imekwisha."

Mama Esteria akamwonyesha jina la ukoo lililoandikwa pale. Halikuwa la kwao Joackim, si kwa baba wala kwa mama.

Vestina akasimama kwa hasira. Aibu aliyokuwa akimwonea baba yake ikamwisha yote.

"Jana walikuwa weusi mno, leo wamekuwa ndugu mno. Kesho watakuwa nini, Baba? Mimi nimekubali."

Kigelegele kikapasuka kutoka mlangoni. Alikuwa mama yake, Germana, aliyelaumiwa miaka thelathini kwa kumzalia mzao wa Mjerumani watoto weusi. Wageni wakakipokea, nyumba ikajaa shangwe.

Mzee Alois hakuinuka. Aliigeuza karatasi upande wa pili, ambako hakukuwa na maandishi, akaendelea kumtafuta Mjerumani wake.