Chupa za Mama Yake Mkurugenzi

Jumatatu asubuhi mkurugenzi wa taka wa jimbo alikuta chupa zimekaa kwenye benchi la wageni, nje ya ofisi yake. Zilikuwa chupa za plastiki, za maji na za mafuta ya kupikia, safi, zimebanduliwa lebo na kufungwa vifuniko. Katibu muhtasi alikuwa anapuliza chai yake.

"Nimezikuta mlangoni, bosi," akasema. "Nimeziambia una kikao, hazijaondoka."

"Zinataka nini?"

"Hazijasema. Ila zina adabu."

Katika jengo lile hakuna aliyeshangaa. Ofisi ya ardhi, upande wa pili wa korido, ilikuwa ikitembelewa na marehemu wanaodai viwanja vyao, na wale walikuwa na makelele. Chupa hazikumsumbua mtu. Mhudumu alipokuja kupiga deki zilijisogeza, akapitisha dekio, zikarudi mahali pake.

Mkurugenzi alizitambua papo hapo, na aibu ikamshika hadi masikioni. Katika mji mzima ni mama yake tu aliyekuwa akisugua chupa kwa mchanga, akazibandua lebo kwa maji ya moto, kisha akazianika ukutani kwa mstari kama alivyokuwa akianika soksi za shule za huyohuyo mkurugenzi.

Habari yenyewe ilikuwa hivi. Serikali kuu ilipogatua madaraka, taka ziliangukia jimbo, na jimbo likazipokea kwa hotuba. Mkurugenzi akaingia redioni, akawaomba wananchi watenganishe: chupa pipa la bluu, mabaki ya jikoni pipa la kijani, mengineyo jeusi. Lori likapakwa rangi hizo ubavuni, likapendeza kweli. Ndani lilikuwa na tumbo moja. Kiwanda cha kuchakata chupa, jimbo lilisema ni jukumu la serikali kuu, kwa kuwa viwanda havikugatuliwa. Serikali kuu ikasema ni jukumu la jimbo, kwa kuwa taka ziligatuliwa. Kila upande ulikuwa na kifungu chake cha sheria. Basi vyote vilikwenda shimo moja, vikachanganywa, vikachomwa moto. Mkurugenzi alilijua hilo siku ileile alipokuwa redioni akibembeleza watu.

Jioni alizipakia chupa kwenye buti ya gari, akazirudisha kwenye pipa la bluu nje ya nyumba ya mama yake, akaondoka kama mwizi, bila hata kuingia kusalimia. Wiki iliyofuata zilirudi ofisini, nyingine zikiwa na masizi ya shimoni mabegani, na chupa mpya za wiki hiyo juu yake. Katibu muhtasi akazipangusa, akaenda kuazima benchi kwa watu wa ardhi.

Jumamosi mkurugenzi akajikaza, akaenda kumwambia mama yake ukweli. Alimkuta uani, kwenye kigoda, beseni mbele yake. Mtaa ule bomba lilitoa maji likijisikia, kwa hiyo mama alikuwa amefulia kwanza, na sasa anaoshea chupa maji yaleyale ya povu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Kaa. Mbona umekonda?"

Alikaa. Akaitazama mikono ya mama yake, vidole vimejikunja kwa maji, akatamani ardhi ipasuke immeze.

"Mama, usioshe tena. Hakuna kiwanda. Lile lori lina..."

"Tumbo moja," mama yake akamalizia, akisugua. "Si linasimama dirishani kwangu? Mimi mzee, baba, si kipofu."

Mkurugenzi akakosa pa kuyaweka macho.

"Sasa mbona unaosha?"

"Mtaa mzima walikusikia redioni. Nikiacha mimi, watasema hata mama yake hamwamini. Bora waniseme mimi, kwamba sina kazi ya kufanya."

Mkurugenzi alitamani mama yake amchape kama zamani, yaishe. Mama yake akampa chupa asugue.

"Na huko ofisini zinafika?" akauliza.

"Zinafika."

"Nimezituma zikusalimie. Usiziweke juani tu."

Honi ya lori ikalia barabarani. Mkurugenzi akainuka, akaligombania pipa la bluu na mama yake, akalishinda, akatoka nalo nje. Dereva alipomwona alishuka haraka, akavua kofia.

"Mkuu! Leo wewe mwenyewe?"

"Fungua."

Dereva akafungua. Ndani mlikuwa na maganda, nepi na mabaki ya mtaa wa juu, yote rojo moja. Mkurugenzi aliinua pipa, akazimwaga humo chupa za mama yake. Zilianguka zinang'aa, zikazama. Majirani walikuwa wametoka na mapipa yao, wamesimama wanatazama.

"Mnamwona mwanangu?" mama yake akapaza sauti kutoka mlangoni. "Mkurugenzi mzima, na anabeba kwa mikono yake!"

Majirani wakapiga makofi, na mkurugenzi akawapungia mkono.