Mfano wa Matumizi

Kadi ilikuwa na maana mbili na nafasi moja tupu. *Kazuistiki*, alikuwa ameandika mtunzi wa kamusi ya maneno ya dini: kwanza, elimu ya kupima wema na ubaya wa tendo kisa kwa kisa, pili, kwa kubeza, ufundi wa kutafuta hoja ndogondogo mpaka kosa lionekane si kosa. Mfano wa matumizi ulikuwa umemshinda tangu asubuhi. Wenzake ofisini, waliozoea kumwita Bwana Maana, walimtania kwamba leo amepata kiboko yake. Alicheka nao kwa kuwaridhisha tu.

Mama yake alikuwa amezikwa wiki mbili zilizopita. Alipozidiwa alimwagiza, "Mdogo wako asiambiwe mpaka amalize mitihani." Bwana Maana akatii. Lakini siku tatu za mwisho mama alimwita binti yake huyo bila kukoma, na mwana akakaa kando ya kitanda akipembua. Agizo la kwanza lilitolewa na mtu mwenye akili timamu, na maweweseko ya homa hayawezi kulifuta. Tena kunyamaza si kusema uongo. Kila hoja ilisimama barabara, na chini ya hoja zote kulikuwa na wivu. Miaka sita alikuwa amemlisha mama, amemfulia mashuka, amemgeuza kitandani, na jina lililomtoka kinywani halikuwa lake.

Adhuhuri mdogo wake aliingia ofisini bila kubisha hodi, macho yamemvimba.

"Kaka, jirani anasema mama alikuwa ananiita. Nimemkatalia. Nimemwambia kaka yangu hawezi kunificha jambo kama hilo. Eti ni kweli?"

Hoja mpya zikamjia mbio. Ukweli usioponya ni ukatili. Jirani mwenyewe ni mbeya. Binti huyu ana maisha mbele yake. Akafungua kinywa aanze na ya kwanza, kisha akaona jinsi mdogo wake alivyoshika ukingo wa meza kwa mikono miwili, ameukaza mwili mzima, kama alivyokuwa akisubiri sindano utotoni.

"Alikuita," akasema. "Siku tatu."

"Na simu ulikuwa nayo?"

"Ilikuwa mfukoni."

"Sasa kwa nini, kaka?"

"Nilikuonea wivu."

Mdogo wake hakulia. Alivuta kiti akaketi, akazitazama kadi zilizojaa mezani bila kusoma hata moja. Chumba cha pili mtu alikuwa akipiga chapa, akasita, akaendelea.

"Alipokuwa ananiita, ulikuwa unamjibu nini?"

"Nilimwambia uko njiani."

"Akaamini?"

Bwana Maana aliinamisha kichwa.

"Aliniomba nimchane nywele, usije ukamkuta vile."