Hisa za Kumpumzisha Nyanchoka

Riba iliposhuka, Mwalimu Manasseh Ogoti aliichukulia kama tusi. Alikuwa amefundisha hesabu mpaka mvi zikamjaa, akastaafu akiwa mwalimu mkuu, na kiinua mgongo chake chote akakifungia kwenye akiba ya muda maalumu, benki moja mjini Kisii. Riba ya hapo ndiyo iliyomlipa Loice, mama jirani aliyewachumia majani chai. Loice akichuma, Nyanchoka, mke wa Mwalimu, alikaa uani akipepeta wimbi na kuulalamikia mgongo wake kama mtu mwenye nafasi ya kulalamika. Kisha benki ikashusha riba, ikashusha tena, na muda wa akiba ulipokwisha Mwalimu akaambiwa kwamba akiifunga upya atapata karibu nusu ya alichozoea.

Jioni hiyo hakumwambia mkewe lolote. Nyanchoka alimtazama tu anavyovua viatu, akajua. Kesho yake akamshukuru Loice kwa kazi, akamkatia mkungu wa ndizi wa kupeleka kwake, kisha akaliteremsha kapu lililokuwa limetundikwa ukutani jikoni.

"Ni kwa muda tu," alisema.

"Kwa muda tu," Mwalimu akaitikia, akaapa moyoni kwamba atamtoa mkewe kwenye ile chai kabla msimu haujageuka.

Tatizo ni jinsi ya kumtoa. Eric, kitinda mimba wao, mhasibu huko Kisii mjini, alipokuja nyumbani Manga kwa ajili ya Sabato alikuwa na jibu tayari.

"Tata, hiyo pesa inalala tu. Riba ikiwa chini hivi, watu wanatoa pesa benki wanaingia kwa hisa. Ndiyo maana bei inapanda. Ukingoja sana utanunua ikiwa juu."

"Na ikishuka?"

"Inaweza kushuka, siwezi kukudanganya. Ndiyo wanasema uweke ile hutahitaji kesho."

"Mimi naihitaji kesho," Mwalimu alisema. "Mama yako yuko shambani."

Mtoto na baba, wote wawili walikuwa wamesema kweli.

Mwalimu hakuwa mjinga, tena hakuwa bahili. Alikuwa mjukuu wa mtu wa ng'ombe. Babu yake alikuwa na ng'ombe wengi kuliko malisho, kwa hiyo aliwapeleka wengine wakae kwa watu. Mwenye boma alikunywa maziwa, ndama wakabaki wa babu. Lakini mzee yule hakumpelekea mtu ng'ombe kabla hajafika kwake, akala ugali wake, akaziona nyasi zake na kumsikia anavyosema na mkewe. Machoni pa Mwalimu, pesa ya kununulia hisa ilikuwa ng'ombe hao hao. Atawapelekaje kwenye boma asilolijua, la watu wa Nairobi waliovaa tai na kucheka kwenye picha?

Basi akaanza kuwachunguza. Kila asubuhi alimwagiza mtu wa boda boda gazeti, akaketi barazani na penseli na kuusoma ukurasa wa bei za hisa kama anayejiandaa kwa mtihani wa taifa. Kampuni hii ina madeni mengi. Ile imebadilisha wakurugenzi, kuna nini? Kampuni ya bia ndiyo aliyosikia inagawa faida vizuri, na hiyo akaikataa kabla Eric hajamaliza sentensi. Mzee wa kanisa kama yeye ahubiri Sabato dhidi ya pombe, halafu Jumatatu ale gawio lake? Miezi ikapita. Bei zikapanda, akasema zimepanda mno, angoje zishuke. Zikashuka kidogo, akasema zimeanza kuanguka, angoje zitulie. Ngoja ngoja huumiza matumbo, na Mwalimu aliwafundisha methali hiyo watoto wa nusu ya kijiji.

"Mwalimu," Nyanchoka alimtania siku moja akipita na kapu mgongoni, "huo mtihani wako unafanywa lini?"

"Nakutafutia pumziko, mama. Usinicheke."

"Sikucheki," alisema, akaendelea kupanda mlima kuelekea kituo cha kupimia majani.

Tangu siku hiyo, Mwalimu akimwona anakuja na lile kapu, aliinua gazeti likamfunika uso. Alijiambia anasoma. Ukweli ni kwamba hakuweza kuutazama mgongo ule uliopinda, na gazeti lilikuwa karibu zaidi kuliko ujasiri. Alimpenda mkewe kwa dhati, jamani, msimwelewe vibaya. Alimpenda kwa penseli.

Bonasi ya chai ya mwisho wa mwaka ilipotoka kiwandani ikiwa haba, akaamua. Jumatatu moja ya mvua alishuka mjini, akakutana na Eric kwenye ofisi ya dalali wa hisa, akatia sahihi. Nusu aliiacha benki pamoja na riba yake ndogo, nusu akaiweka kwenye hisa za kampuni mbili ambazo sasa alizijua kuliko wakwe zake. Ulikuwa uamuzi mzuri. Mwalimu alirudi akiwa mwepesi, amenunua mkate na shali ya sufu, akipanga jinsi atakavyosema: Nyanchoka, tundika kapu.

Alikuta watu langoni. Njia ya kwenda kituoni ilikuwa imelowa, udongo mwekundu unateleza, na Nyanchoka alikuwa ameanguka kwenye mteremko na kapu lililojaa likimlalia. Loice ndiye aliyemkuta. Nyonga ilikuwa imevunjika.

Walimfanyia upasuaji Kisii, ukaenda salama, na kwa siku chache wote wakapumua. Kisha mapafu yakaanza kumsumbua. Mwalimu alikaa kando ya kitanda tangu asubuhi hadi walipomfukuza, na siku moja, kwa kutojua la kusema, akamwambia habari za hisa.

"Zimeanza kupanda. Ukitoka hapa Loice anarudi. Hutagusa jani tena."

Nyanchoka alimshika mkono, akaugeuza kiganja juu, akakitazama. Kilikuwa kiganja laini cha mtu wa chaki.

"Mwalimu, mwaka mzima umesoma magazeti kwa ajili yangu. Nashukuru. Lakini hukuniuliza hata siku moja."

"Nikuulize nini?"

"Nataka nini. Kuchuma hakukunishinda. Kule kupanda mlima na kapu ndiko kulikokuwa kunaniua. Ningefurahi ungeinuka hapo barazani ukanibebea mpaka juu."

Mwalimu akahisi masikio yanawaka. "Mbona hukusema?"

"Nikwambie wewe? Mwalimu mkuu, mzee wa kanisa, upange foleni na wanawake na kapu mgongoni? Niliona aibu kwa niaba yako." Akapumua kwa shida. "Tena nilikuwa nadhani unaniona. Nilikuwa napita karibu."

Mwalimu alilaza shavu juu ya mkono wa mkewe, akalia bila kujificha, mbele ya wauguzi na wagonjwa wa watu. Nyanchoka alimpapasa kichwa kwa vidole vilivyotiwa weusi na utomvu wa majani, akamwambia anyamaze, watu wanatazama. Alfajiri ya siku ya pili yake akafariki.

Walimzika Ijumaa mapema, ili Sabato isiwakute na majembe. Wageni wakaondoka. Chai, isiyojua msiba, ilikuwa imekomaa na kupita kiasi, ikasimama shambani ndefu na ngumu.

Wiki kadhaa baadaye Eric alipanda Manga kumwona baba yake. Alimkuta barazani, mikono mitupu mapajani. Kijana alikuwa na habari, na alifikiri zingemtia moyo.

"Tata, zile hisa zimefanya vizuri kuliko tulivyotarajia. Kampuni moja imetangaza gawio. Yaani ukijumlisha na riba ya benki, sasa unaweza kumlipa Loice mwaka mzima, hata na mwenzake."

"Alipwe ili nani apumzike?" Mwalimu aliuliza.

Baba yake akageuka kutazama upande wa migomba, penye udongo ambao bado haujaota nyasi.

"Mwambie Loice aje," alisema hatimaye. "Chai ichumwe. Lakini mama yako, mwanangu, amepumzika bila shilingi yangu hata moja."