Neno Lililomshinda Mume Wangu

Mume wangu Lowell Haugen hawezi kumwambia mtu hapana. Mji wetu mzima wa Fergus Falls tuna haya ya kusema tunachotaka, kahawa tunaikataa mara mbili ndipo tuipokee ya tatu, lakini yeye kapita kiasi. Kinyozi alimkata sikio, akamshukuru.

Kitandani alikuwa anamaliza kabla mimi sijaanza. Dakika moja, basi. Anaomba msamaha, anageukia ukutani. Miaka miwili ya ndoa tunaishi hivyo, na tangu Novemba kahamia kulala chumba cha chini, eti mgongo. Mgongo gani! Nikamwambia waziwazi: tukatibiwe, la sivyo mwezi wa tatu nahamia kwa dada yangu mjini Duluth. Akajibu, "Kama unaona ni vizuri, mpenzi." Nilitamani kumrushia sahani.

Tukaenda kwa Bi. Odegard, muuguzi mshauri, mama wa miaka sitini asiyezungusha maneno.

"Hili linatibika," alisema, "ila si kazi ya mtu mmoja. Britta, utamshika kwa mkono, taratibu. Lowell, ukihisi umekaribia, sema 'ngoja.' Mkeo anaacha, msisimko unashuka, mnaanza tena. Mara tatu mnangoja, ya nne unamaliza. Kuingiliana bado kwanza."

Lowell alikuwa anatazama viatu vyake. "Sawa, asante sana," akasema.

Jumapili tulipotoka kanisani tukafunga mapazia. Nikaanza. Lile "ngoja" sikulisikia. Nikasikia "samahani."

"Mbona hukusema?"

"Ulikuwa unafanya vizuri. Sikutaka kukukatiza."

"Kunikatiza? Jamani, kwani nilikuwa nahubiri?"

Jumanne yakawa yale yale. Alhamisi alianza, "Kama haikusumbui, labda kidogo..." na alipofika kwenye kidogo, kwisha habari. Nilicheka, kisha nikalia.

"Si dakika, Lowell," nikamwambia. "Dakika tungezitafuta pamoja. Nimechoka kuishi na mtu nisiyejua anataka nini. Sisubiri hata huo mwezi wa tatu. Jumamosi naondoka."

Jumamosi asubuhi nikawa navuta sanduku juu ya kabati, silifikii. Akaja akanishushia! Akalifuta hata vumbi. Hasira zilinipanda, nikawa natupia nguo ovyo bila kuzikunja.

"Ngoja," akasema.

Nilidhani nimesikia vibaya. "Nini?"

"Ngoja, Britta! Ngoja!" Alipiga ukelele, uso mwekundu, kashika kifuniko cha sanduku kwa mikono miwili. "Sitaki uende. Sitaki kabisa!"

Nilikuwa sijawahi kumsikia akitaka kitu.

"Mbona siku zote hukusema?"

"Nilidhani nikikuzuia utaondoka."

"Mwenzangu wee, naondoka kwa sababu hujawahi kunizuia."

Alikaa kitandani akalia, nami nikakaa pembeni yake. Kisha yeye mwenyewe akainuka akafunga mapazia, saa tano asubuhi, theluji inaanguka na majirani wanaizoa njiani mwao.

Alisema ngoja mara tatu, kila mara kwa sauti kubwa kuliko ile iliyotangulia, na kila mara niliacha. Tulilala tunacheka, tukisubiri. Ya nne alimaliza, na hakuniomba msamaha.