Upande Anaotazama Lydia

Jumanne asubuhi Ramona Hilzer, msimamizi wa posta ya Marienfeld, alibandika tangazo la Lydia Gefroh kwenye ubao ulio kando ya dirisha la stempu. Alilipatia nafasi kati ya tangazo la chanjo ya mbwa na la mtu wa Minnesota aliyevunja benki. Maandishi yalisema kwamba serikali kuu inaomba msaada wa umma, na kwamba yeyote mwenye habari apige simu. Kwenye picha Lydia alivaa koti lake la kazi na alitazama mbele.

Lydia alikuwa msambaza barua wa mji huo na mashamba yake. Mwishoni mwa Oktoba, siku ya dhoruba ya kwanza ya theluji, hakurudi. Kigari chake kilikutwa kwenye barabara ya mashariki kimezama hadi milangoni, na barua za upande huo zilikuwa bado sandukuni. Mfanyakazi wa posta akipatwa na jambo akiwa kazini, kesi inatoka mikononi mwa polisi wa wilaya. Ndiyo sababu walikuja wapelelezi wa serikali kuu kutoka Bismarck, na ndiyo sababu kulikuwa na tangazo.

Kufikia saa sita mchana Lydia hakutazama mbele tena. Macho yalikuwa yamegeukia rafu ya bahasha, na kidevu kimefuata kidogo. Ramona aliona alipotoka kwenda kula. Alidhani ubao umepinda, akaunyoosha, akaenda kunywa supu yake.

Clarence Schatz, mwenye kituo cha mafuta na mkahawa ulio ndani yake, aliingia alasiri kuchukua barua zake. Naye alikuwa amepewa tangazo la kubandika.

"Kwako anatazama wapi?" Ramona alimuuliza.

"Friji ya maziwa."

"Kanisani anatazama kinanda. Mchungaji anasema ni mara ya kwanza Lydia kukijali."

"Sasa ukitoka kwenye friji yangu ukaenda moja kwa moja, unafika kwa nani?"

"Clarence, usinichekeshe. Umezaliwa hapa, umezeeka hapa, leo unaniuliza mashariki kuna nani?"

"Nilikuwa nauliza tu."

"Basi nunua stempu, au upishe wenye shida."

Mpelelezi aliyepewa kesi hiyo aliitwa Paul Ostrander, mtu mrefu mwenye adabu ambaye hakuwahi kukalia kiti kabla ya kukaribishwa. Alipata habari za macho kwa simu ya wananchi, akaja mwenyewe kuhakikisha. Aliligeuza tangazo la posta juu chini. Alilipeleka nje, akalizungusha, akalitembeza kwa gari. Kila alipofika Lydia alikuwa ameshageuza shingo kuelekea palepale. Ostrander alipima pembe kwa dira posta, kanisani, shuleni na kwa Clarence, akachora mistari kwenye ramani ya wilaya. Mistari yote ilikutana kwenye kona ya kaskazini ya banda jipya la mashine la Delbert Wangler. Alirudia vipimo siku ya pili, kwa kuwa ndivyo alivyofundishwa, akapata jibu lilelile.

Sakafu ya banda hilo ilimwagwa zege juma lililofuata dhoruba. Kabla ya hapo Delbert alikuwa amewaambia watu kwamba angeimwaga majira ya kuchipua.

Delbert alikuwa mwenyekiti wa baraza la kanisa, lakini hilo lilikuwa jambo dogo. Jambo kubwa lilikuwa lori lake. Wilaya iliuza magari yake ya kusukuma theluji zamani, ikampa Delbert kazi hiyo, na tangu Oktoba hadi Aprili hakuna aliyetoka kwake kabla lori la Delbert halijapita. Alifanya kazi hiyo vizuri. Hakuruka nyumba ya mtu yeyote, hata ya aliyegombana naye.

Ostrander alimtembelea. Walikaa jikoni.

"Naomba kutazama chini ya sakafu ya banda lako, Bwana Wangler."

"Sakafu ni mpya."

"Ndiyo maana naomba."

"Kwa ridhaa yangu hapana, bwana. Ukipata karatasi ya jaji, njoo na sururu, mimi mwenyewe nitakuwashia taa. Nikuongezee kahawa?"

Jaji wa Bismarck alilisimamisha tangazo juu ya meza yake, akalitazama, akalihamishia dirishani, akalitazama tena.

"Sibishi kwamba anatazama huko," alisema. "Nauliza tu kama ataapa."

"Hapana, mheshimiwa."

"Basi niletee wa kuapa. Mmoja anatosha. Mtu aliyeona."

Ostrander alipeleka maneno hayo kwa Verna Bitz, dada mkubwa wa Lydia. Verna alikuwa mjane, na ndugu mwingine hakuwa naye. Katika makaburi ya Marienfeld palikuwa na nafasi moja kando ya wazazi wao, na Verna alitaka Lydia alazwe hapo kabla ardhi haijaganda. Ikishaganda, Marienfeld hazikwi mtu hadi majira ya kuchipua.

"Kwa hiyo mnajua alipo," Verna alisema.

"Tunajua, mama."

"Na hamwezi kumtoa."

"Nikichimba bila hati, hata nikimkuta, mahakama haitamkubali. Wangler atarudi nyumbani kwake jioni hiyohiyo. Ninahitaji mtu aliyemwona Lydia siku ile na kuona alikuwa na nani."

Dirisha la mkahawa wa Clarence linatazama njia panda ya barabara ya mashariki. Verna alivaa viatu vya theluji akaenda. Alimkuta Clarence anafuta kaunta.

"Uliona," Verna alisema.

Clarence aliendelea kufuta pahali palepale. "Niliona."

"Nini?"

"Kigari kimekwama, lori la Delbert likasimama. Akashuka akamfungulia mlango. Lydia akapanda mwenyewe. Nikajisemea, afadhali, hatakufa kwa baridi."

"Basi piga simu."

Clarence alikunja mkono wa shati. Mshipa ulikuwa umevimba kuanzia kiwiko hadi karibu na kifundo, pale zinapoingia sindano. "Figo zangu unazijua, Verna. Jumatatu, Jumatano, Ijumaa, Bismarck, kwenye mashine. Nikikosa mara moja navimba. Nikikosa mara mbili, ile nafasi uliyomwekea Lydia nitalala mimi."

"Wataleta lori jingine."

"Nani kakwambia? Yule mpelelezi?"

Verna aligeukia dirisha, akatazama njia panda. Alikuwa amemuuliza Ostrander, na Ostrander alimjibu kwa upole kwamba theluji ni shughuli ya wilaya.

"Na si mimi peke yangu," Clarence alisema. "Dereva wa basi la shule aliwapita palepale. Na yule mama wa mayai. Kawaulize, utawakuta na yao."

"Nilishawauliza."

"Wakasemaje?"

"Mmoja ana watoto wa watu ndani ya basi. Mwingine binti yake anajifungua Februari."

Clarence alishusha mkono wa shati, akafunga kifungo. "Nichukie basi, tupumzike wote."

"Nimejaribu," Verna alisema. "Niwekee maziwa."

Desemba, ardhi ikiwa imeshaganda, Ostrander aliwaita watu kwenye ukumbi wa michezo wa shule. Walikuja karibu wote, kwa sababu Delbert alikuwa amesafisha uwanja wa magari tangu mchana. Delbert mwenyewe alikaa mstari wa mbele, kofia magotini. Ostrander aliwashukuru. Alisema hakuna kesi katika ofisi yao iliyopata kupigiwa simu nyingi kiasi hicho, na kwamba simu zote zilisema kweli, na zote zilihusu macho ya kwenye picha.

"Hayo ninayo tayari," alisema. "Sasa naomba macho ya mtu. Kuna aliyekuwa nje siku ile. Asimame hapa, au aje kwangu faragha, au apige simu. Sitahitaji wawili."

Watu walitazama mstari wa mpira wa kikapu uliochorwa sakafuni. Kisha Clarence akanyoosha mkono. Verna, aliyekaa nyuma yake, alishika ukingo wa kiti.

"Ndiyo, Bwana Schatz."

"Kwangu amegeuka kidogo," Clarence alisema. "Tangu nihamishe friji."

Watu waliguna kwa kukubali. Mchungaji akasema hata kanisani shingo imezidi kukaza. Mama wa mayai akasema tangazo lake huhema kwenye kioo cha dirisha asubuhi za baridi. Dereva wa basi alisema amebandika moja karibu na usukani, na wakati wa tufani, barabara isipoonekana, humtazama Lydia, na hajakosea tena kona ya kwa Wangler. Ostrander aliandika kila kitu pamoja na jina la msemaji.

Delbert naye alinyoosha mkono. "Mlisema kila mwananchi abandike," alisema. "Nami nimebandika. Jikoni kwangu anatazama nje dirishani, upande wa banda."

Ostrander alimshukuru, akaandika hilo pia.

Majira ya kuchipua ardhi iliyeyuka. Nafasi ile makaburini iliota majani, Verna akayafyeka. Ofisi ya Bismarck ilituma matangazo mapya, karatasi nzito zaidi, na ndani ya saa chache yote yalikuwa yamegeuka. Wageni waliopita kununua mafuta walielekezwa kwa njia hiyo: fuata anakotazama hadi umwone ameinamisha kichwa, hapo umefika kwa Wangler, kisha pinda kulia.

Paa la ukumbi wa kanisa lilikuwa limeporomoka Machi kwa uzito wa theluji, na hadi Oktoba halikuwa limetengenezwa. Chakula cha mavuno kilihitaji pahali pakubwa penye sakafu iliyonyooka. Baraza la kanisa lilikubaliana kutumia banda la Delbert, naye akatoa matrekta nje na kufagia mwenyewe.

Siku hiyo, Jumapili, theluji ilianza kuanguka kabla ya ibada kwisha. Watu walipanga meza, wakaleta supu ya vidonge vya unga, soseji na keki za matunda. Mtu alikuwa amebandika tangazo kwenye nguzo, na Lydia aliinamisha kichwa akatazama chini, kwenye kona ya kaskazini. Hakuna aliyetoa agizo, lakini meza zilipokwisha kupangwa palibaki hapo sehemu tupu inayomtosha mtu mzima akilala. Watoto walikatazwa kukimbilia upande huo. Verna aliingia, akachukua kiti, akakiweka ndani ya sehemu hiyo, akala sahani ikiwa mapajani. Waliompita walimsalimia wakipunguza sauti kidogo, kama watu wanaopita karibu na aliyelala.

Ostrander alikuwa amealikwa. Alikuja na sahani yake, akasimama pembeni ya ile sehemu hadi Verna alipomwashiria asogee.

"Simu bado iko wazi, mama."

"Najua. Na wao wanajua."

"Jaji bado anamtaka mmoja tu."

"Paul," Verna alisema, na hakuwahi kumwita hivyo kabla, "kula kabla supu haijapoa."

Upepo ulizidi. Delbert alifungua mlango wa banda, akatazama nje, akafunga, akachukua koti lake. Mama wa mayai akamfungia keki kwenye karatasi.

"Naanza na njia ya Clarence," Delbert aliwaambia watu. "Kesho Jumatatu, ana Bismarck. Kisha barabara kuu. Mwenye safari ndefu anifuate sasa, baada ya saa moja sitamhakikishia."

"Asante, Delbert," Clarence alisema. Alisema akimtazama Verna. Verna alimsogezea mkate.

Ostrander aliaga watu kwa kuwashika mikono, akiwemo Delbert, akaingia garini. Ilikuwa maili nyingi hadi Bismarck na barabara haikuonekana. Lori liliondoka likitupa theluji pembeni, na gari la mpelelezi likafuata nyuma yake kwa mwendo wa pole, ndani ya njia iliyosafishwa. Kwenye kiti cha nyuma palikuwa na rundo la matangazo mapya ya mwaka unaofuata, na kadiri gari lilivyosonga Lydia aligeuka, karatasi kwa karatasi, hadi zote zikawa zinatazama kioo cha nyuma.