Jina la Madini ya Kinyesi

Asubuhi hiyo Msasa alifunga aproni yake ya mpira, akafungulia maji ya kupoza msumeno, akakata kinyesi. Kilikuwa cha zamani mno, kimegeuka jiwe, na kwa miaka mingi kilikaa kwenye droo ya makumbusho kikidhaniwa ni kiazi. Kazi yake ilikuwa kukata mawe na kuyasugua mpaka yawe membamba kiasi cha kupitisha mwanga, ndiyo maana wenzake wakambandika jina hilo. La kweli walilijua mama yake na mhasibu.

Alipokiweka kipande chini ya hadubini aliona fuwele za rangi ya samawati, ndogo kuliko chembe za chumvi, zimejipanga ndani ya kitundu cha katikati. Alizipima, akazipiga miale, akazilinganisha na kila aina ya madini inayojulikana. Hazikufanana na hata moja. Alikunywa chai yake, ambayo ilikuwa imeshapoa, na alipoinua macho mwenye kinyesi alikuwa amesimama mlangoni.

Alikuwa mnyama mkubwa wa shingo fupi na macho ya upole, wa ukoo uliokwisha duniani kabla binadamu hajaanza kusimama wima. Mlinzi wa getini alikuwa amemtundikia kitambulisho cha mgeni sikioni, maana utaratibu ni utaratibu. Mnyama alijiegemeza kwenye kabati la asidi, akamtazama Msasa akifanya kazi, na muda wa kutoka ulipofika akamfuata nyumbani.

"Huyu nani?" mama yake aliuliza huku akianua nguo.

"Amefuata kinyesi chake, mama."

"Haya. Asinikanyagie mboga tu."

Mama alikuwa mtu mgumu kubabaishwa. Alisafisha vyoo vya soko tangu Msasa akiwa mgongoni, na shule yote ya Msasa ilitoka kwenye ndoo ile na ufagio ule.

Sasa, katika kazi ya madini, aliyegundua kitu kipya haruhusiwi kukipa jina lake mwenyewe. Hukipa jina la mtu mwingine anayemheshimu, jina likaongezewa mkia wa kitaalamu, herufi chache za mwisho, na kamati ikishalipitisha halifutwi tena. Msasa hakuhitaji kufikiri: jina lingekuwa la mama. Mama alipoambiwa alikunja uso.

"Nimetoka kwenye mavi juzi tu, mwanangu, hata kiuno hakijanyooka. Unataka kunirudisha huko milele?"

"Si mavi, mama. Ni fuwele."

"Fuwele hiyo iko ndani ya nini?"

Lakini kesho yake jirani wa kushoto alikuwa na habari, jioni akajua wa kulia, na kufikia Jumapili mama alikuwa akimweleza hata muuza mkaa kwamba yeye hapendi makuu, ila wataalamu wamemng'ang'ania.

Mkurugenzi wa makumbusho, kwa upande wake, aliyapenda makuu. Kila ripoti iliyotoka katika jengo lile ilitanguliwa na jina lake, zikiwemo zile alizozifungua kwa mara ya kwanza siku ya sherehe. Kwa hiyo wafanyakazi walipoitwa ofisini kwake, Msasa alijua la kutarajia, na hakulisikia.

"Safari hii mimi najitoa," Mkurugenzi alisema. "Ugunduzi ni wa Msasa peke yake."

Wenzake walipiga makofi. Fundi umeme alifuta machozi. Msasa mwenyewe alichelewa kuelewa. Kama Mkurugenzi angekuwa miongoni mwa wagunduzi, madini yasingeweza kuitwa kwa jina lake. Sasa yangeweza.

Wenzake walipotoka, Mkurugenzi alimsogezea kalamu. "Uko huru kuchagua yeyote unayemheshimu," alisema. "Na mkataba wako, unakwisha mwezi huu au nimekosea?"

"Hujakosea, mzee."

Msasa alichukua kalamu, akaandika alichotakiwa kuandika. Nyumbani hakusema kitu. Mnyama, aliyekuwepo wakati wote, alitembea ubavuni mwake njia nzima.

Kilichobaki kumsumbua Mkurugenzi kilikuwa ni kinyesi. Katika maelezo rasmi alikibadilisha kikawa "masalia adimu ya kale". Siku ya uzinduzi alisimama kwenye zulia jekundu, kando ya kabati la kioo, akazungumza kwa kirefu juu ya unyenyekevu. Alipofika kwenye masalia adimu ya kale, mnyama, aliyekuwa nyuma ya kiti cha Msasa, aliinua mkia na kutoa mengine.

Umbo lilikuwa lile lile, msokoto ule ule. Wageni walitazama zulia, wakatazama kabati, kisha wakasoma jina lililobandikwa kwenye kabati. Mmoja alikohoa. Halafu wakapiga makofi, maana hotuba ilikuwa imekwisha, na jina likabaki pale pale.

Mfanyakazi wa usafi akaitwa. Alikuja mama mmoja na koleo, akainama katikati ya viatu vilivyong'arishwa, na hakuna aliyesogeza mguu. Msasa alinyanyuka akamshikia ndoo.

"Kumbe unamheshimu sana mkubwa wako," mgeni wa kiti cha jirani alimwambia aliporudi.

"Sana," Msasa alijibu.

Nyumbani alimkuta mama kavaa gauni lake la kuendea harusi za watu, amekaa kibarazani akingoja habari. Akamweleza yote, akiwa amesimama.

"Jina la mkurugenzi?" mama aliuliza. "Kwenye mavi?"

Alicheka mpaka akashika nguzo, na Msasa naye akacheka. Kisha kicheko kilimwisha mama, akajifuta macho kwa pindo la gauni.

"Nilikuwa nimeshaanza kulizoea," alisema.

"Nisamehe, mama."

"Hebu nitamkie, mara moja tu. Lingekuwaje?"

Msasa alilitamka jina la mama yake pamoja na mkia wake wa kitaalamu, polepole, kama ambavyo lingesomwa mbele ya wageni. Mnyama alitega masikio. Mama alisikiliza mpaka mwisho.

"Zuri," alisema, akaingia ndani kubadili nguo.