Sanduku Lililowekewa Chai

Wewe uliangalia pembeni. Usiniambie hukuwepo. Nilikuona umekaa karibu na dirisha la ukumbi wa hospitali, unachezea kifungo cha shati huku wenzako wanainua mikono. Basi nikukumbushe, maana mimi sisahau.

Mashine ya kusafisha damu ilikuwa na nafasi ya mtu mmoja, na walioihitaji walikuwa wawili. Wakubwa wakaona busara watuulize sisi wananchi. Daktari mkuu, mtu mpole mwenye sauti ya kubembeleza, akasema majina hayatatajwa, ili haki itendeke. Mgonjwa wa kwanza: mwanamke wa makamo, hana mtoto, ana kisukari. Wa pili: dereva, kijana, ana watoto watatu.

Mwanamke huyo ni shangazi yangu, fundi cherehani wa mtaani kwetu. Alikuwa amekaa ubavuni pangu, futi kamba ingali shingoni, miguu imevimba ndani ya kandambili za kuazima.

"Mimi nasema apewe dereva," muuza mkaa akaanza. "Huyo mama kala chumvi ya kutosha."

"Tena kisukari!" mama wa duka akadakia. "Watu wanakula sukari kama sisimizi, figo zikifa wanatulilia sisi."

"Si wewe unayewauzia?" mtu akamrushia, ukumbi ukacheka.

Fundi viatu akasimama. "Kwa nini tusipige bahati nasibu?"

"Roho ya mtu uichezee karata?"

"Kwani hapa mnaichezea nini?"

Daktari akamwashiria akae.

Shangazi akaniinamia sikioni. "Kola ya huyo muuza mkaa nimeigeuza mimi. Angalia inavyokaa."

"Shangazi, simama uwaambie ni wewe."

"Wakinijua watanionea haya, wamnyime yule. Naye ana watoto."

Daktari akaomba mikono ya wanaomtaka dereva. Ikachomoza kama magugu baada ya mvua. Shangazi naye akainua wake. Nikaukamata niushushe.

"Niache, baba," akasema taratibu. "Mkono ni wangu."

Kikao kikafungwa, tukakaribishwa chai. Chupa na vikombe vilikuwa kule nyuma, juu ya meza pana yenye kitambaa cha maua. Mama wa duka akamwaga chai, muuguzi akavuta kitambaa, na chini yake hapakuwa na meza. Palikuwa na sanduku kubwa la mbao, misumari yake haijaguswa.

Nililijua. Nilikuwepo liliposhushwa, kwa hotuba na utepe mwekundu. Na wewe ulikuwepo, ukipiga makofi.

"Dada, hii si mashine ya pili?" nikamuuliza muuguzi.

"Ndiyo yenyewe."

"Inangoja nini?"

"Chumba chenye bomba la maji yaliyochujwa. Tumeomba mpaka tumechoka, tunaambiwa tuvute subira."

"Na mmeifanya meza?"

"Kaka, meza nazo hatuna."

Nikamwita daktari. Akasema hilo ni suala la kiufundi, halikuwa kwenye ajenda. Watu wakaendelea kunywa. Shangazi peke yake alishika kikombe kitupu. Maji mengi amekatazwa. Muuza mkaa akakitazama kikombe, akatazama na ile miguu.

"Fundi," akasema. "Kumbe ni wewe?"

Shangazi akamnyoosha kola. "Inakubana?"

"Turudie kura! Safari hii nakupigia wewe."

"Na dereva mkamweke wapi?"

Muuza mkaa akaliangalia sanduku.

Sina ugomvi na dereva. Anatibiwa, Mungu amponye. Shangazi yuko barazani pake, anakanyaga cherehani kwa mguu mmoja, mwingine umegoma. Akimaliza mshono mmoja anapumzika, anahema kama aliyepanda ngazi. Hiyo subira tunayoambiwa tuvute ndiyo pumzi yake.

Asubuhi hii tunakwenda kukaa mlangoni kwa daktari mkuu mpaka fundi bomba aletwe. Muuza mkaa kafunga biashara. Fundi viatu kabeba nyundo, anasema misumari si kitu kwake. Mama wa duka anakuja pia, ingawa ananuna.

Na wewe? Siku nyingine wakikuuliza nani aachwe afe, usiinue mkono; waulize lile sanduku linafunguliwa lini. Lakini hiyo ni siku nyingine. Leo achana na hicho kifungo. Vaa viatu, toka nje, twende.